Mwanga Katika Miezi ya Ufuta

Bibi yangu ananiita mume wangu. Ndivyo mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu zao wa kiume, na utani huo huja na madai yake. Mume hulalamikiwa kwamba hajaleta samaki, huulizwa alilala wapi, hutishiwa kuachwa mbele ya wageni. Kwa hiyo nyumba ya udongo ya Bibi pale Likunja ilipoanza kuinama, na mjomba wangu, mwanawe wa kiume, akaamua kumjengea nyingine ya matofali ya kuchoma na bati, Bibi hakumshukuru mwanawe. Alinigeukia mimi, akasema kwamba hatimaye mume ameona haya.

Alikuwa na sababu ya kunigeukia. Kazi inayonilisha ni kuchora ramani za nyumba. Nina meza yangu Nachingwea mjini, ndani ya duka la steshenari, nyuma ya mashine ya fotokopi inayopumua joto siku nzima. Asubuhi, kabla ya wateja, huwa naandika riwaya. Mtu wa kwanza akiingia na kuuliza bei ya ramani ya vyumba vitatu na sebule, nafunga faili la riwaya na kufungua la nyumba. Sijawahi kuona kazi hizi mbili kuwa mbali sana. Kote natengeneza vyumba ambavyo watu wengine wataingia na kuishi.

Bibi alikuwa na ombi moja tu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia, na la kushoto lilibaki na ukungu wake. Aliporudi kutoka hospitali aliambiwa ajiepushe na jua kali na vumbi mpaka atakapokufa, au ndivyo alivyoelewa. Kabla ya hapo alikuwa akisuka mikeka nje, kwenye kivuli cha ukuta, akihamahama na kivuli. Sasa nje kukamshinda. Na ndani ya nyumba ile ya udongo kulikuwa na dirisha moja dogo kama ungo, ambalo lilitosha kumwonyesha mtu kwamba kumekucha, basi. Alijaribu kusuka humo kwa muda, akaacha. Ukili aliokuwa ameshausuka, ule mkanda mrefu unaoshonwa baadaye kuwa mkeka, aliuviringisha akauning'iniza kwenye kigingi ukutani. Ulikuwa wa mkeka wa mke wangu. Sina mke bado, lakini Bibi alikuwa ameshaanza kumsukia mke mwenzake, kama anavyomwita, ili akija asikute nyumba tupu.

Siku niliyoenda kumuuliza anataka nyumba ya namna gani, aliniambia kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kimwera, polepole, ili nisikosee.

“Nipe chumba nitakachoonea chane zangu. Hayo mabati na saruji ni ya mwanangu na majirani zake.”

Chane ni zile nyuzi pana za majani ya ukindu zinazosukwa, na za Bibi zilikuwa nyeupe, nyeusi na zambarau. Nyeusi na zambarau, kwa jicho lenye ukungu ndani ya chumba chenye giza, ni rangi moja. Hapo ndipo aliposhindwa.

Tulipima kiwanja wakati wa masika, mimi na mjomba, tukiwa tumekunja suruali na matope yakitushika vifundo. Mashamba yote kuelekea Nandagala yalikuwa mabichi, ufuta ukiwa bado mfupi, wala hakuna aliyekuwa anaufikiria. Nikamweleza mjomba kwamba huku kwetu, kipupwe kikiingia, jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini ndio utakaokuwa na mwanga mwingi miezi hiyo. Akaitikia kwa kichwa. Akakanyaga ile alama ya kamba upande wa kaskazini na kusema madirisha ya mama yake yakae hapa, makubwa, watu wakipita barabarani waone kwamba huyu mama ana mtoto. Upande wa kusini, kwenye ua, tungeweka kibaraza cha nyuma na jiko. Tulikubaliana bila ubishi wowote, jambo ambalo kwa mjomba ni nadra.

Nikarudi Nachingwea nikaijenga ile nyumba kwenye kompyuta. Nasema kuijenga kwa sababu programu ninayotumia si ya kuchora mistari. Ukiweka ukuta, kompyuta inajua ni ukuta, una unene na kimo. Ukibandika dirisha, ukuta wenyewe unatoboka. Ukitaja chumba, kinajua ukubwa wa sakafu yake. Na kwa kuwa inajua yote hayo, unaweza kuiamuru ikutengenezee jedwali, yaani orodha ya kila dirisha na upana wake, kimo chake, na chumba linachokitazama. Kisha unaongeza safu yako mwenyewe, unaandika kanuni, na jedwali linakokotoa. Kanuni tuliyofundishwa chuoni ni nyepesi: jumla ya eneo la vioo igawanywe kwa eneo la sakafu, na jibu lisipungue moja ya kumi. Chumba kikipungua, nimekiamuru kisanduku chake kigeuke chekundu.

Napenda jedwali lile kuliko inavyofaa kukiri mbele ya wachoraji wenzangu. Ukivuta dirisha kidogo kwenye picha, tarakimu upande wa pili inasogea papo hapo, kama mizani inapoongezwa mchele kiganja kimoja. Nilikaa nalo mchana mzima. Niliondoa upana wa fremu, kwa sababu fremu haipitishi mwanga. Nikaondoa tena kidogo kwa ajili ya nondo na wavu wa mbu, maana hakuna dirisha la Likunja lisilo na nondo na wavu. Chumba cha Bibi kikatoka na karibu mara mbili ya kanuni. Hakikuwa chekundu hata kwa mbali. Kilikuwa ndicho chumba chenye mwanga kuliko vyote katika nyumba, kuliko hata sebule ya mjomba, na nilifunga kompyuta nikiwa nimeridhika kama mtu aliyemaliza sura nzuri.

Nilimpelekea Bibi picha kwenye simu, chumba kikiwa kimepakwa rangi na miale ya jua imelala sakafuni. Aliishika simu mbali, akaileta karibu, akauliza watu wa nyumba hii wameenda wapi.

Nilirudi Likunja kipupwe kilipokolea, ili kuangalia kuta kabla fundi hajamwaga linta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta juu ya madirisha. Bodaboda iliyonitoa Ruangwa mjini ilinishusha njiani, nikatembea kipande kilichobaki. Kulikuwa na baridi ile nzuri ya asubuhi, na harufu ya majani makavu. Nyumba niliiona kutoka mbali, matofali mekundu dhidi ya mikorosho, na nilikuwa nikitafuta kwa macho yale madirisha mawili makubwa ya kaskazini. Sikuyaona.

Ukuta wote wa kaskazini ulikuwa umeegemezwa ufuta. Matita kwa matita, yamesimama wima bega kwa bega kutoka kona hadi kona, vichwa juu, yakikauka. Yalikuwa yameyafunika matundu ya madirisha yangu kama vile hayakuwahi kukatwa, yakiacha wazi kipande kifupi tu cha juu.

Ni lazima nieleze kwamba zamani ufuta ulikuwa ukikaushwa shambani. Mtu alivuna, akafunga matita, akayasimamisha kwenye uchanja hukohuko, akarudi baadaye na turubai kuyakung'uta. Lakini miaka ya karibuni wamekuja wafugaji kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, na ng'ombe hajui tofauti ya majani na jasho la mtu. Tangu hapo watu wengi wamekuwa wakileta ufuta nyumbani. Ukileta nyumbani unahitaji ukuta unaopigwa na jua, maana tita likilala mbegu zinamwagika. Na katika kiwanja chote cha mjomba, ukuta unaopigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni katika miezi hiyo ulikuwa mmoja. Ule niliomchagulia Bibi. Tuliuchagua kwa sababu ileile ambayo ufuta uliuchagua, na kwa kuwa tulikuwa tumesimama kwenye matope ya masika, hakuna kati yetu aliyekumbuka.

Mjomba alikuwa juu ya ngazi, akifunga kamba ya kuzuia matita yasianguke, huku jirani yake mfugaji akimpitishia kamba kutoka chini. Wawili hao walikuwa wamezoeana kwa kuchokozana. Mfugaji alikuwa akimwambia kwamba ng'ombe wake wamesikitika sana kuona ufuta umehamia mjini. Mjomba akamjibu kwamba waje basi wapige hodi mlangoni kama wageni wengine.

Bibi alikuwa ndani, kwenye chumba chake kisicho na paa, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amekuja kukaribisha nyumba, alisema. Juu kulikuwa wazi, kwa hiyo mwanga ulikuwepo kwa wakati huo, lakini mimi nilikuwa naliona bati akilini. Naye aliliona. Aliniangalia, akaangalia yale matundu mawili yaliyozibwa na mabua, akasema bila hasira:

“Mume wangu, umenijengea ghala.”

Nilitoka nikamwomba mjomba asogeze matita. Alinishukia taratibu kwenye ngazi, akasimama mbele yangu akipangusa mikono.

“Niyaweke wapi, mpwa wangu? Kichwani kwako?”

Tukabishana. Nilimtajia upande wa ua. Akasema upande wa ua hauna jua kipupwe chote, ufuta utaota ukungu, na pesa yake ndiyo itakayoezeka nyumba hii. Nilimtajia ukuta wa mashariki. Akasema huo una jua la nusu siku na ndiko njia ya mbuzi. Nikamwambia tuyakung'ute haraka. Hapo mfugaji alicheka, akauliza kama ufuta wa Nachingwea unakaushwa kwa pasi. Mjomba akaona amepata mtu wa kumuunga mkono, akalainika, akasema kwamba ni majuma machache tu, ufuta ukiisha mama atasuka.

Bibi aliyasikia kutoka ndani. Alisema ndiyo, angesubiri tu, na alivyoisema ndiyo ile nilijua huo ndio ungekuwa mwisho wa mkeka. Kwa sababu majuma yale ndiyo ya kusuka. Masika kuna palizi. Korosho zikianza kuanguka, hata mzee anainama kuokota. Ni kipupwe tu ambapo ukindu umeshachumwa, umekaushwa, umetiwa rangi, na mikono haina kazi nyingine. Ukimnyima Bibi mwanga wa kipupwe umemnyima mwaka mzima, na hakuwa na miaka ya kugawa ovyo.

Nilichukua futi yangu ya chuma nikapima tita la ufuta kutoka chini hadi kichwani. Nikapima lingine, na lingine. Mjomba alimuuliza mfugaji kama kule kwao amewahi kuona mtu anapima ufuta kwa futi, labda anataka kuushonea suruali. Niliwaacha wacheke. Marefu kabisa yalinifika begani.

Nachingwea nilifungua lile jedwali tena. Niliongeza safu mpya, nikaipa jina la ufuta. Ni safu ya ndiyo au hapana: kila dirisha linaulizwa, je, wewe hufunikwa? Kisha nikaandika kanuni ya pili kando ya ile ya kwanza, kwamba dirisha likijibu ndiyo, eneo lake lihesabiwe kuwa sifuri. Nikaweka alama kwenye madirisha mawili ya kaskazini. Chumba cha Bibi, kile nilichojivunia, kikawa chekundu kama pilipili, na mbele yake sifuri tupu. Nilikaa nikikitazama. Haikuniuma. Nilihisi kwamba kwa mara ya kwanza ile kompyuta ilikuwa imefika Likunja.

Kisha nikaanza kutafuta. Matita yanaishia begani, nami najua dirisha likiwa juu hutupa mwanga mbali zaidi ndani ya chumba. Kwa hiyo niliinua kingo za chini za yale madirisha mawili mpaka yakapita vichwa vya ufuta. Yakawa mafupi, mapana, yamekaa chini tu ya linta. Nikayafutia alama ya ufuta, sifuri ikaondoka, lakini chumba kiliendelea kuwa chekundu. Vioo vilivyobaki vilikuwa vichache. Tena Bibi husuka akiwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, na mwanga wa juu peke yake ungemwangukia kichwani kuliko mikononi. Alihitaji dirisha la chini pia, na upande uliobaki ulikuwa wa ua.

Upande wa ua niliukwepa tangu mwanzo kwa sababu ya kile kibaraza, ambacho paa lake lingekula mwanga wote. Sasa nikakikata. Nilikifupisha kiishie kabla ya chumba cha Bibi, na jiko nikalisukuma mwisho wa pili ili moshi usimfuate. Nikaweka dirisha pana, ukingo wake wa chini ukiwa usawa wa kifua cha mtu aliyekaa sakafuni. Kipupwe upande huo hauna jua la moja kwa moja, ni mwanga mtulivu tu unaotoka angani, na kwa jicho lile lililopasuliwa sikuweza kuwazia mwanga mwema zaidi.

Jedwali halikukubali. Chumba kilibaki chekundu vilevile, kama vile sikuwa nimeweka kitu. Nilipanua dirisha, hakuna kilichosogea. Nikalifuta na kuliweka upya, hakuna. Umeme ukakatika, ukarudi, nikawasha tena, chekundu. Ndipo nilipoisoma orodha mstari kwa mstari, nikakuta kwenye mstari wa dirisha lile, mahali pa jina la chumba, pameachwa pengo. Nilikuwa nimelibandika likitazama kinyume, upande wake wa nje ukiwa chumbani na ule wa ndani ukiwa uani, na kompyuta ikaamua kwamba mwanga wake ni mali ya nje. Ililihesabia ua dirisha. Nikaligeuza kwa mbofyo mmoja. Jina la chumba cha Bibi likajiandika kwenye lile pengo, na wekundu ukatoka.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza mjomba. Alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akatafuta pa kupinga, na akapaona. Dirisha la uani, alisema, litawafanya wanawake wasipumue, mama atakuwa anasikia kila neno linalosemwa jikoni. Mkewe, aliyekuwa akipepeta mtama hapohapo, akasema kwamba Mama anasikia kila neno hata bila dirisha, basi afadhali amwone anayesema. Bibi akakohoa kwa furaha. Na mjomba, ambaye alikuwa amebakiziwa ukuta wake wa ufuta bila kusogezewa hata tita moja, akamwita fundi. Kwa kuwa linta ilikuwa haijamwagwa, kazi haikuwa kubwa: kujenga mistari kadhaa ya matofali kuziba sehemu ya chini ya matundu ya kaskazini, na kubomoa kwa mpangilio upande wa ua.

Bati lilipandishwa korosho zilipoisha. Bibi alihamia kwa sherehe ndogo ya uji na maulidi, akiwa amebeba mwenyewe ule ukili wake ulioviringishwa, hataki mtu aushike. Lakini masika yalikuwa karibu, kukawa na palizi, na sikuuliza kuhusu mkeka. Nilisubiri kipupwe kirudi.

Kiliporudi nikaenda. Ufuta ulikuwa umesimama ukutani palepale, umejaa kuliko mwaka uliotangulia, na juu ya vichwa vyake yalionekana madirisha mawili mafupi kama macho ya mtu anayechungulia juu ya uzio. Mjomba alikuwa ametandika turubai na alikuwa anakung'uta tita la kwanza. Sauti ya mbegu ikianguka ni kama mvua ndogo sana. Alinionyesha mlango kwa kidevu, hana muda na mimi.

Bibi alikuwa amekaa sakafuni karibu na dirisha la uani, miguu ameinyoosha, bakuli la maji pembeni. Mwanga kutoka upande ule ulikuwa umemlalia mikononi bila kumpiga usoni, na ule wa juu, kutoka kaskazini, ulikuwa umefika hadi ukuta wa mbali. Nilisimama mlangoni kwa muda. Nilitaka kuona vidole vikienda, chane ikipita juu ya chane, ukili ukirefuka. Badala yake niliona anafumua.

Karibu naye kulikuwa na rundo la chane zilizokunjamana. Aliuinua ukili anionyeshe. Kipande kile alichosuka ndani ya nyumba ya zamani, kabla hajakata tamaa, kilikuwa kimeharibika. Palipotakiwa zambarau kulikuwa na nyeusi, palipotakiwa nyeusi kulikuwa na zambarau, na maua aliyodhani anayasuka yalikuwa yamevunjikavunjika njia nzima. Alikuwa hajayaona mpaka sasa. Nilimwambia pole. Nikamwambia pia kwamba si vibaya kiasi hicho, mtu akikaa juu ya mkeka haangalii maua, angeweza kuendelea tu kutoka alipoishia.

“Mke mwenzangu ana macho yake,” alisema, na akaendelea kufumua.

Hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa akinionyesha kosa baada ya kosa, akicheka, akimtukana kidogo yule mwanamke aliyesuka vile, kana kwamba alikuwa jirani mzembe. Hapa alilala. Hapa alikuwa anafikiria ndoa. Tazama hapa, mume wangu, hapa alisuka kwa kisigino. Nikamuuliza kama basi mkeka utakamilika kipupwe hiki. Akainua mabega. Akasema kipupwe hiki au kile kijacho, na kwamba kama nina haraka nilete kwanza huyo mke tumwone.

Niliingia nikasimama kando yake ili niyaone vizuri yale maua yaliyovunjika. Akauinua ukili, akaugeuza huku na huku.

“Sogea,” akasema. “Umesimama kwenye mwanga.”

Nikakaa sakafuni upande wa pili wa bakuli. Akaanza kunipa chane alizozifumua, moja moja, nizilainishe majini na kuzinyoosha, nyeusi upande huu na zambarau upande ule.